Ukuta wa Landrova

Mzee Ambindwile alikuwa hajawahi kuuona uso wa mkamwana wake, na mwanamke huyo alikuwa ameolewa na mwanawe mwaka wa tisa sasa. Usidhani walikaa mbali. Walifanya kazi uwanja mmoja, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki, kwenye duka la spea kuukuu la mzee huyo pale Tukuyu, chini kidogo ya barabara iendayo Kyela. Kuliita duka ni kulipamba. Kilikuwa kiwanja cha mifupa ya magari: milango imepangwa kama vitabu, springi zimelaliana, difu zimefunikwa mabati zisinyeshewe, na ndoo ishirini na kitu za bolti, kila ndoo na ukubwa wake.

Kutoonana kwao ni desturi ya Wanyakyusa wa zamani. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala halitamki jina lake. Akimwona anakuja, hukwepa njia au hujifunika kitenge mpaka apite, na mzee naye hugeuza uso. Siku hizi wengi wameilegeza desturi hiyo na wengine wameitupa kabisa. Mzee Ambindwile hakuilegeza hata nati moja. Na kwa kuwa jina la mkwe halitamkwi, mteja akipiga simu kuuliza kama hapo ni kwa Ambindwile, mkamwana alijibu, "Ni hapa kwenye milango mingi," na wateja walizoea.

Mwanawe, Fred, dereva wa lori la kwenda Zambia, alijaribu mara moja. "Baba, siku hizi watu wanakula meza moja na wakwe zao."

"Nao wanashiba?" mzee aliuliza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ukaidi wake ulikuwa na sababu, ingawa hakuisema. Marehemu mkewe, Esnath, aliishika desturi hiyo kwa baba yake Ambindwile miaka kumi na minane, akijibanza migombani na mzigo wa kuni kichwani mpaka mkwe apite. Mzee aliona kwamba akiitupa leo, atakuwa amesema Esnath alijibanza bure. Heshima si utumwa, alipenda kusema, na aliposema hivyo alikuwa anamtetea marehemu.

Mkamwana mwenyewe aliitwa Tulinagwe. Baba yake alikuwa fundi kule Masoko, na yeye alikulia kwenye uvungu wa magari kama watoto wengine wanavyokulia migombani. Krosi ya propela alikuwa anaijua kwa uzito tu mkononi, ni ya Landrova au ya Toyota. Fred alipomleta nyumbani, Esnath ndiye aliyegundua kipaji hicho, akamwingiza uwanjani, akasimama katikati. "Esnath, mwambie atafute beringi ya gurudumu la mbele." "Baba Fred, anasema ipo, lakini imeliwa upande mmoja." Maneno yalipita kwake kama maji kwenye bomba, na biashara ilikwenda vizuri.

Kisha Esnath akafariki, mwaka juzi, kwa presha.

Wiki mbili za kwanza uwanja ulikuwa bubu. Wajukuu walikuwa shuleni mchana kutwa, Fred yuko njiani, na wawili waliobaki hawakuwa na njia ya kuambiana kitu. Mzee alimuuzia mwenye Canter silinda ya breki ya Fuso, mtu akarudi na maneno ambayo hayaandikiki. Tulinagwe aliyasikia yote akiwa nyuma ya milango, na jibu lilikuwa mdomoni, akalimeza.

Asubuhi moja mzee alisimama nyuma ya Landrova lake bovu lililokuwa katikati ya kiwanja. Hilo lilikuwa gari lake la kwanza, na ndilo lililompeleka Esnath hospitali kumzaa Fred. Miaka ilivyopita alilichinja kidogo kidogo kwa ajili ya magari mengine: injini ilikwenda Masoko, gia boksi Lupepo, milango na madigadi kila kona ya wilaya. Likabaki fremu, boksi la siti, na ule ukuta wa chuma wa mbele unaotenga injini na dereva, ukuta unaobeba dashibodi, usukani na pedeli. Kioo kilikuwa kimeshauzwa, na mahali pake Esnath alikuwa ametundika kitenge. Upande wa injini kulikuwa na banda la bolti la Tulinagwe. Upande wa nyuma wateja waliingilia.

Mzee alikohoa, akautazama ukuta ule, akasema, "Wewe Landrova. Kuna mtu wa Lupepo anataka springi ya nyuma ya Hilux."

Sauti ikatoka upande wa pili, ya chini, yenye adabu. "Landrova, mmeamkaje? Springi ipo chini ya ile milango ya bluu. Ya tatu kutoka juu."

Mteja wa Lupepo alimtazama mzee, akatazama chuma, akatikisa kichwa. Lakini springi ilikuwa pale pale, ya tatu kutoka juu.

Ndivyo walivyoanza. Mzee aliliambia gari "wewe", Tulinagwe aliliita "ninyi", kama inavyompasa mdogo kumsemesha mkubwa, na watu wa mjini walikuja na shida za breki wakaondoka na kicheko. Wacheke. Kidogo kidogo Landrova lilianza kuambiwa mambo yasiyo ya spea. "Landrova, leo mgongo unanila," mzee angesema, na saa nne angekuta chupa ya maji ya moto imeviringwa taulo juu ya boksi la siti. "Landrova, zile ndizi za mbalaga za jana zilikuwa tamu, ndaga fijo, asante sana." Hata siku Esnath alipotimiza mwaka kaburini, sauti ilisema kutoka nyuma ya kitenge, "Landrova, leo mikono yangu haina nguvu." Mzee alivuta ndoo akaketi, akalisimulia Landrova habari za Esnath msichana wa miaka kumi na tisa mpaka wateja watatu wakaondoka bila kuhudumiwa. Hajuti mpaka leo.

Sasa ikafika Jumanne moja ya mvua, msimu wa kupanda viazi. Alikuja Yohane wa Isongole, mkulima, koti limelowa mpaka mabegani, pamoja na Zuber, fundi wa kuchomelea ambaye nusu ya magari ya Rungwe yanatembea kwa mkono wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni. Isongole kunaendaje?"

"Matope matupu," Yohane alisema. Alikuwa na Landrova la umri ule ule, la mwisho linalopanda kule kwao mvua zikikolea. Lilibeba mbegu za viazi za kilima kizima, na mgonjwa akizidiwa, lilimbeba yeye. "Sasa ukuta wa mbele umeoza. Juzi nimekanyaga breki, pedeli ikazama pamoja na chuma chake. Mbegu zimeota macho ghalani, mzee. Wiki ikiisha bila kupandwa, tumekwisha."

"Nimechomelea mpaka sasa nachomelea juu ya nilichochomelea jana," Zuber aliongeza. "Chuma chenyewe hakipo. Mwili wa hilo gari ni alumini, lakini ukuta ni chuma, na mvua yetu hii unaijua. Wilaya nzima umebaki mmoja mzima." Akaunyoshea kidole ukuta uliokuwa mbele yao, mweusi wa oili chafu ambayo mzee aliupaka kila mwaka.

"Huo hauuzwi," mzee Ambindwile alisema.

Zuber alicheka, akijua ni utani. Kisha akaona si utani. Akageuka, akautazama mlango mwekundu uliotundikwa langoni, ambao mzee mwenyewe aliuandika kwa rangi nyeupe miaka mingi iliyopita: GARI LINALOTAKA KUTEMBEA HALINYIMWI.

"Mzee wangu," alisema polepole, "bango linasemaje?"

"Bango limeandikwa zamani."

Yohane hakubishana. Alishukuru, akaliweka koti sawa, akaondoka, na mgongo wake ulimuumiza mzee kuliko matusi ya mwenye Canter.

Mvua ilipiga mabati kwa muda. Kisha sauti ikatoka nyuma ya kitenge. "Landrova, kwa nini mmemkatalia yule mtu?"

Kwa kweli ni vigumu kujadili kuuzwa kwa gari mbele ya gari lenyewe. "Landrova, achana na hayo," mzee alisema, akaenda kuhesabu springi ambazo idadi yake aliijua.

Jumatano alijaribu ujanja. Alichagua kichwa cha Fuso kilichokuwa pembeni, akasimama nacho ana kwa ana. "Wewe Fuso. Kuna mtu anauliza noseli." Hakujibiwa. Tulinagwe alikuwa mbali, tena atajuaje kwamba ofisi imehama? Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndizi alisimama, akamwonea huruma, akaendelea na safari. Alasiri mzee alijaribu pipa la dizeli. Pipa lilikuwa fupi, ilibidi ainame, na mgongo ukakataa. Mazoea yana taabu.

Jioni ile aliketi kibarazani kwake akitazama ukungu ukishuka kutoka mlimani, na jambo alilolikimbia miaka mingi likamkuta amekaa. Baba yake mzazi alifariki akiwa peke yake chumbani, mchana, watu wako shamba. Hakuwa peke yake hasa. Esnath alikuwa nyumbani. Alimsikia mkwe wake akiomba maji, akachota kikombe, akasimama nacho nje ya mlango, hawezi kuingia, hawezi kumtazama, akimwomba Mungu apite mtoto yeyote. Alisimama hivyo mpaka Ambindwile aliporudi. Maji yalikuwa bado kikombeni. Kwa mkwe yalikuwa yamechelewa.

Esnath alimsimulia habari hiyo mara moja tu, mwezi mmoja kabla ya kufa kwake. Alimaliza kwa kusema, "Sijawahi kujisamehe, baba Fred." Yeye alimwambia alifanya heshima. Esnath aligeuzia uso ukutani, na mzee alidhani amechoka.

Alhamisi mvua ilikatika. Mzee alifika uwanjani mapema, akasimama mahali pake, kofia mkononi.

"Landrova."

"Landrova, mmeamkaje?"

"Sikulala. Nisikilize." Aliikunja kofia. "Wewe ukiondoka hapa, mimi nitasema na nani? Fred yuko njiani. Esnath yuko kaburini. Sauti niliyobakiwa nayo mchana kutwa ni hiyo inayotoka nyuma yako. Kwa hiyo nimekataa kukuuza, na sababu nyingine sina. Nilimwonea haya Yohane, sikuweza kumwambia."

Badala ya jibu alisikia hatua zikielekea bandani, ndoo ikisogezwa, kisha mlio alioujua tangu ujana wake: spana ikikaa kwenye nati. Tulinagwe alikuwa anaufungua ukuta.

Mzee aliona aibu, kama mtu aliyekwenda kuomba chumvi kwa jirani akafungiwa mlango. Kumbe yote yale, maji ya moto na mbalaga, ilikuwa kazi tu.

"Landrova, unafanya nini?"

"Tunafungua, Landrova. Lakini bolti inazunguka bure. Kichwa chake kiko upande wenu, anatakiwa mtu wa kukishika."

"Basi aitwe Zuber."

"Zuber yuko Isongole, analivua gari la Yohane. Nilimpigia simu jana nikamwambia aanze."

Hasira ilimpanda mzee mpaka utosini. "Nani alitoa ruhusa?"

"Bango, Landrova."

Bango ni lake, mwandiko ni wake. Alivaa kofia, akachukua spana namba kumi na nne, akapanda ndani ya Landrova akinung'unika, akaketi kwenye boksi la siti alipokaa ujana wake wote, kisha akainama chini ya dashibodi. Bolti za sakafu ni kazi ya watu wawili, haijalishi una nguvu kiasi gani: mmoja anashika kichwa ndani, mwingine anazungusha nati nje. Kati yao kulikuwa na unene wa chuma usiozidi ukucha.

"Shikeni."

"Nimeshika. Zungusha."

"Imekataa. Subirini nimwage dizeli."

"Usiilazimishe, itakatika."

"Haikatiki. Shikeni tena."

Ya kwanza ikalegea, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne mzee alitambua kwamba tangu waanze hakuna aliyelitaja Landrova. Spana ilisita mkononi mwake. Alitaka kulitaja ili mambo yarudi mahali pake, lakini upande wa pili ulisema "shikeni", naye akashika.

Walipofika kwenye zile bolti ndefu za miguuni, zinazoufunga ukuta kwenye fremu, Tulinagwe aliacha kuzungusha.

"Mama aliniambia habari ya kikombe," alisema.

Mkono wa mzee ulikuwa juu ya kichwa cha bolti, na bolti ilikuwa ya baridi.

"Aliniambia wiki ya mwisho, hospitali. Aliniambia, 'Tulinagwe, huyo mzee ni mkaidi, hatakuita. Ukisikia anaomba maji, ingia.'" Aliweka spana chini. "Mimi nimewasikia leo. Mmesema hamna wa kusema naye. Mimi sitaki kusimama nje na kikombe mpaka maji yachelewe. Mkikasirika, kasirikeni. Nimeshasema."

Mzee Ambindwile aliinamisha paji la uso likagusa chuma. Alimwona Esnath akigeukia ukutani, na safari hii alielewa kwamba hakuwa amechoka. Alikuwa anasubiri aambiwe neno moja ambalo mumewe hakulisema. Alilia bila sauti, mzee mzima chini ya dashibodi, na machozi yakachanganyika na oili chafu ya miaka yote ile. Alijifuta kwa mkono ulio mchafu zaidi ya uso.

"Zungusha," alisema baadaye.

Bolti ya kulia ilitoka. Ya kushoto ilikuwa imeshikwa na kutu, wakahangaika nayo mpaka jua likafika juu ya paa la banda, kisha ikapiga kelele na kukubali.

"Sasa mtaulaza upande wangu," Tulinagwe alisema. "Sukumeni taratibu, mimi napokea."

Mzee alisimama, akaushika ukuta kwa juu, akausukuma. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Uliinuka kwenye miguu yake, ukainama kuelekea upande wa pili, na uliposhuka, kitenge cha Esnath kilishuka nao.

Hapo ndipo wote wawili walipogundua walichokuwa wamekifanya. Mwanamke anayemwogopa mkwe wake hujifunika uso kwa mikono, na mkwe hugeuka. Lakini mikono ya Tulinagwe ilikuwa chini ya chuma kile, na mzee akigeuka, uzito wote ungemwangukia mwenzake. Walibaki vivyo hivyo, wameushika ukuta kati yao, umelala nusu, wanatazamana.

Alikuwa na uso mwembamba. Nyusi zake zilikaribia kukutana. Alikuwa mkubwa kuliko sauti yake, na macho yalikuwa mekundu, kwa hiyo naye alikuwa amelia. Mzee alimtazama kama mtu aliyeona leo nyumba aliyoishi ndani yake miaka tisa. Mdomo wake ulitafuta neno la kufaa siku kama hiyo, neno la Kinyakyusa, neno la wazee. Halikuja.

"Una grisi shavuni," alisema.

Tulinagwe aliuma mdomo wa chini. Kicheko kilikuwa kinamsumbua, pamoja na machozi. "Nanyi baba mnayo," alisema. "Uso mzima."

"Basi tuushushe, mwanangu. Yohane anausubiri."

"Haya, baba."

Wakaushusha.